Sheria ya pombe inapofika Kangemi

Katika nchi yetu hakuna jambo linalozungumzwa kwa hamaki nyingi na kutatuliwa kwa uchache kama jambo la pombe. Kila baada ya miaka michache msiba hutokea. Watu huzikwa, wengine hubaki vipofu, na wakubwa hutangaza hatua kali. Baa hutiwa makufuli, mapipa humwagwa mitaroni mbele ya wapiga picha, na machifu huamriwa kuhakikisha kwamba hata tone halionekani katika maeneo yao. Miezi michache ikipita makufuli hufunguka, mapipa hujaa, na wananchi hungoja msiba mwingine.

Mjadala huu ulifufuka tena Julai 2025, serikali ilipozindua sera mpya ya kitaifa kuhusu ulevi na dawa za kulevya. Sera hiyo, iliyoandaliwa na halmashauri ya NACADA, ilipendekeza umri wa kuruhusiwa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe tena katika maduka makubwa na mikahawa, wala isipelekewe mnunuzi nyumbani kwake. Kelele zilipozidi ilibidi wananchi waelezwe kwamba sera si sheria, na kwamba mapendekezo hayo hayana nguvu mpaka yatungiwe sheria.

Miongoni mwa waliopinga walikuwa wenye mahoteli, wenye maduka na watengenezaji wa vileo. Hao wana vyama vya kuwasemea na mawakili wa kuwatetea. Sauti ya mtaa kama Kangemi haikusikika sana, na ilhali ni katika mitaa ya aina hiyo ambako sheria za pombe hufika zikiwa na rungu mkononi. Ndiyo sababu inafaa tujiulize: kwa nini sheria zinazotungwa kwa nia njema hazishiki huko? Na zisiposhika, nani analipa gharama?

MTAA WENYEWE

Kangemi iko magharibi mwa Nairobi, kando ya barabara ya Waiyaki, baada ya Westlands na kabla ya kufika Uthiru. Ng'ambo ya barabara ni Loresho, mtaa wa nyumba kubwa zenye bustani. Kusini ni upande wa Kawangware. Kabla ya uhuru eneo hili lilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu wa Kiambu. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa kupata uhuru, mashamba hayo yakajikuta ndani ya jiji, na wenyewe wakaanza kujenga vyumba vya kupangisha. Wapangaji wakaja kutoka kila pembe, na wengi miongoni mwao walitoka Magharibi mwa Kenya, hasa Waluhya. Hivyo Kangemi ni mtaa ambamo mwenye ploti na mpangaji wametoka katika desturi mbili tofauti, na kila mmoja amekuja na pombe yake na masharti yake kuhusu pombe hiyo.

Hili la masharti linastahili kutazamwa kwa makini, maana wengi wetu husema kwamba mababu walikunywa bila sheria. Si kweli.

DESTURI ZILIKUWA NA SHERIA ZAKE

Kwa Wakikuyu pombe ya heshima ilikuwa muratina, iliyotengenezwa kwa maji ya miwa au kwa asali, ikachachushwa kwa tunda lililokaushwa la mti wenye jina hilo. Ilinywewa katika mambo makubwa: posa na mahari, kupatanisha waliogombana, kuomba baraka. Tena ilikuwa kinywaji cha wazee. Kijana aliyeonekana amelewa alileta aibu nyumbani, na hakukuwa na mtu wa kumuuzia kwa sababu pombe haikuwa bidhaa ya kuuzwa dukani.

Kwa Waluhya kinywaji ni busaa. Unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya chombo kipana mpaka ubadilike rangi, halafu huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Wazee walikaa kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hapo kila mtu alimwona mwenzake. Aliyezidisha alionekana, na aliyetaka kuanza ugomvi alikuwa na wazee wa kumkanya papo hapo. Kazi ya kuipika ilikuwa ya wanawake, na busaa ilikuwa pia ujira wa majirani waliokuja kulima au kujenga nyumba.

Utaona kwamba sheria hizo za kale zilihusu nani anakunywa, pamoja na nani, na kwa sababu gani. Sheria za sasa zinauliza maswali tofauti: pombe inauzwa wapi, na saa ngapi? Maswali ya kwanza yalijibiwa na jamii yenyewe. Ya pili hujibiwa na mwenye muhuri. Katika Kangemi masharti ya kale yamelegea, kwa sababu mzee wa kumkanya kijana yuko Vihiga au Kakamega, na kijana ana mshahara wake wa kibarua mfukoni. Masharti mapya nayo hayajapata mahali pa kushika. Kati ya hizo mbili ndipo mlevi anapoanguka.

POMBE NA MFUKO WA SERIKALI

Historia ya sheria za pombe jijini inaanzia Pumwani. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi, likifuata mfano wa mji wa Durban huko Afrika Kusini, lilijitwalia haki ya peke yake ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani alikamatwa. Aliyetaka kunywa alipaswa kwenda katika ukumbi wa baraza. Faida ilitumiwa kulipia huduma za Waafrika wenyewe, kana kwamba kodi waliyotoa haikutosha. Chupa ya bia ya Kizungu Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua kwa miaka mingi, na masharti hayo yalianza kulegezwa tu baada ya Vita Kuu ya Pili. Kiwanda cha bia chenyewe kilikuwa kimekwisha anzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst. George aliuawa na tembo, na bia maarufu ya Tusker ikapewa jina kwa kumbukumbu hiyo.

Basi tangu mwanzo sheria ya pombe ilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja ulisema unamlinda Mwafrika na ulevi. Uso wa pili ulihesabu fedha. Huko Durban wanawake walizitambua nyuso hizo zote mbili. Mwaka 1959, katika mtaa wa Cato Manor, waliingia kwa fimbo katika kumbi za baraza, wakawafukuza wanywaji na kuimwaga pombe, kwa hasira ya kuona pombe zao zikiharibiwa na polisi huku waume zao wakimaliza mshahara katika pombe ya serikali.

Nyuso hizo hazijatoweka. Leo Hazina ya taifa hutegemea ushuru wa bia na vileo vikali, na kaunti hutegemea ada ya leseni. Mwaka 2004 serikali iliondoa ushuru kwa bia ya bei nafuu ya mtungi, Senator Keg, ili maskini aache chang'aa anywe kitu kilichopimwa. Mpango huo ulifaulu kwa kiasi kikubwa, na wakulima wa mtama wakapata soko. Mwaka 2013 sehemu ya nafuu hiyo ilipoondolewa, bei ilipanda, mauzo yakaporomoka, na wanywaji wengi wakarudi katika vinywaji visivyojulikana vimetoka wapi. Baadaye serikali ililazimika kurudisha nafuu. Hilo ni funzo ambalo mtunga sheria hapaswi kulisahau: mnywaji maskini hufuata bei kabla ya kufuata sheria.

KUTOKA MARUFUKU HADI SHERIA YA MUTUTHO

Baada ya uhuru machifu waliendelea kuwa na uwezo, waliourithi kutoka sheria za kikoloni, wa kuzuia utengenezaji na unywaji wa pombe katika maeneo yao. Mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Kwa miaka 30 chang'aa ilikuwa haramu nchini, na kwa miaka hiyo yote ilipikwa, ikauzwa na kunywewa. Uganda ilikuwa imechagua njia tofauti. Huko sheria ya mwaka 1965 ilitaka watu waliochemsha enguli vijijini wapate leseni na kuuza mazao yao kwa kiwanda, yasafishwe na kutiwa chupani, na ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa. Wapishi wengi waliendelea kupika na kuuza kando, lakini angalau ulikuwepo mlango mmoja halali wa kuingilia. Kenya iliufunga mlango, kisha ikashangaa kuona watu wakipita dirishani.

Mwaka 2010 mambo yaligeuka. John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, alifikisha bungeni mswada uliokuja kuitwa kwa jina lake. Rais Mwai Kibaki aliutia sahihi tarehe 13 Agosti, na ukaanza kutumika Novemba mwaka huo. Sheria ya Mututho iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini ikataka itengenezwe kwa viwango vinavyokubaliwa, itiwe katika chupa ya kioo na kubandikwa karatasi ya maelezo. Baa ziliwekewa saa: kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana siku za mwisho wa juma na sikukuu. Aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Na baa isiwe karibu na shule kwa umbali usiofika mita 300.

Wiki mbili tu baada ya sahihi hiyo, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilizinduliwa. Ndani yake kazi ya kutoa leseni za pombe ilikabidhiwa serikali za kaunti. Jambo ambalo wengi hawajaliona ni mahali ilipowekwa. Haimo katika orodha ya afya wala ya usalama. Imo katika kifungu cha utamaduni na burudani, pamoja na sinema, maktaba, makumbusho, michezo na bustani za umma. Walioandika Katiba walitambua kwamba namna watu wanavyokunywa ni sehemu ya namna wanavyoishi pamoja, na ndiyo maana wakaiacha mikononi mwa serikali iliyo karibu na wananchi. Nairobi ilitunga sheria yake mwaka 2014. Swali ni kama serikali hiyo ya karibu imewahi kukaa chini na watu wa Kangemi kuulizana wanataka kuishi vipi.

MITA 300 ZA KANGEMI

Tuchukue sharti moja tulipime. Mita 300 kutoka shuleni si umbali mkubwa kwa anayetembea. Ni mwendo wa dakika nne. Na hakuna mzazi mwenye akili anayetaka mtoto wake apite mbele ya walevi akienda darasani. Lakini chora mduara wa mita 300 kuizunguka shule moja, nao utafunika ekari 70 hivi. Mahali penye nafasi, ambapo shule moja iko hapa na ya pili iko kilomita mbili kutoka hapo, ekari 70 si kitu. Kangemi ni tofauti. Huko shule za watoto wadogo ziko katika majengo ya kawaida, ghorofa ya kwanza au nyuma ya ploti, kwa sababu wazazi wanataka shule iliyo karibu na shule za serikali hazitoshi. Ukichora miduara yote, inapandana mpaka mtaa mzima unafunikwa.

Maana yake ni kwamba sharti hilo likifuatwa kama lilivyoandikwa, ni vigumu kupata mahali halali pa baa katika Kangemi. Na bado baa ziko, nyingine zikiwa na leseni ukutani. Zimesimama kwa huruma ya anayekuja kukagua. Anaweza kufumba jicho leo na kulifumbua kesho. Sheria ambayo haiwezi kufuatwa na mtu yeyote humpa mkaguzi uwezo juu ya watu wote, na uwezo huo una bei yake, ambayo kila mfanyabiashara mdogo wa jiji hili anaijua. Fedha inayotolewa mlangoni namna hiyo haijengi choo cha shule wala kulipa mwalimu. Haimlindi mtoto hata kidogo.

MAKAO NI WAPI, BIASHARA NI WAPI?

Sharti jingine ni lile la kutoruhusu baa katika makao ya watu. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kwamba vilabu vya usiku havitapewa leseni katika maeneo ya makazi, baada ya malalamiko mengi kuhusu kelele. Machi 2024 Profesa Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza hatua 25 dhidi ya pombe haramu, na kufungwa kwa baa zilizo katika makao ya watu ilikuwa mojawapo.

Kwa mtu wa Kileleshwa au Loresho amri hiyo inaeleweka mara moja. Kuna barabara ya nyumba, na kuna barabara ya biashara. Anayetaka muziki na aende Westlands, katika ile barabara ya vilabu iitwayo Electric Avenue. Kangemi haina mgawanyiko huo. Chini ni duka, kinyozi na bucha. Juu yake ni vyumba vya wapangaji. Fundi wa viatu analala nyuma ya meza anayofanyia kazi. Ukisema baa isiwe katika makao ya watu, umesema isiwe Kangemi. Ukisema watu wasikae palipo na biashara, umewahamisha wakazi wote.

Hata hivyo kelele ni kelele. Mama anayelaza mtoto mgonjwa katika chumba kilicho juu ya baa anaumia kama mwenzake wa Kileleshwa, tena anaumia zaidi, kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba na hana pesa za kuhama. Mwenzake ana chama cha wakazi kinachoweza kumwandikia gavana na kwenda mahakamani. Huyu wa Kangemi akilalamika, ataonekana na mwenye baa kesho asubuhi akichota maji.

Na hizo saa zilizowekwa? Mtu mwenye friji nyumbani anaweza kunywa bia yake saa 6 mchana bila kuvunja sheria yoyote. Klabu za wanachama zina leseni za aina yake. Mlinzi wa usiku anayetoka kazini saa 12 asubuhi, anayeishi katika chumba kimoja na mke na watoto wanne, hana sebule ya kukaa na rafiki zake. Akinywa saa hiyo itabidi ajifiche, na mahali pa kujificha ndipo panapouzwa kinywaji kisichokaguliwa. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sijui kama mtunga sheria angeziona saa hizo kuwa za haki kama naye angekuwa mlinzi wa usiku.

SUMU HAITAZAMI SAA

Walakini haifai kuyasema haya tukajifanya hatuoni makaburi. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru hapa Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mwaka 2005 Machakos ilizika karibu watu 50. Mei 2014 vifo vilitokea katika kaunti kadhaa kwa siku chache, vikapita 60. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walipoteza maisha.

Karibu misiba hii yote ina mzizi mmoja, nao ni methanoli. Hiyo ni spiriti ya viwandani, ya kuyeyushia rangi na kazi nyingine za aina hiyo. Inafanana na pombe kwa sura na harufu, na ni rahisi kununua. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho, na ndiyo sababu walionusurika wengi hubaki vipofu. Chang'aa iliyochemshwa kwa nafaka au molasi inaweza kumdhoofisha mtu na kumharibia ini na nyumba yake kwa miaka mingi, lakini vifo vya halaiki kwa usiku mmoja huletwa na mtu aliyechanganya spiriti ya kiwandani ili apate faida ya haraka. Busaa nayo ni bia ya nafaka. Haichemshwi ikawa spiriti.

Sasa tazama sheria zinakwenda wapi. Nguvu nyingi hutumika kuhesabu saa na mita, na kuvunja vyungu vya busaa. Spiriti ya kiwandani inasafirishwa kwa lori na kuhifadhiwa katika maghala, na wenye maghala hawakai katika vyumba vya mabati. Katika msiba wa Kirinyaga ilielezwa wakati huo kwamba kinywaji kilichoua watu kilikuwa kimewahi kukamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi, kikatoka na kurudi kwa wanywaji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Misako mikali nayo ina hasara zake. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipowataka viongozi wa eneo la kati waongoze kampeni dhidi ya vileo duni, umati wa watu ulivamia maduka na maghala, na bidhaa za waliokuwa na leseni zikamwagwa pamoja na za wasiokuwa nayo. Mtu aliyefuata sheria alijifunza kwamba leseni haikumfaa kitu. Yule ambaye hakuifuata alijifunza kuficha vizuri zaidi.

MAMA PIMA

Katika masimulizi yote ya pombe mitaani kuna mtu mmoja ambaye hutajwa kwa dharau tu: mama pima. Mara nyingi ni mwanamke anayelea watoto peke yake. Mtaji wake ni jiko, mapipa mawili na ujuzi aliofundishwa na mama yake. Kodi ya nyumba inalipwa na kikombe, karo inalipwa na kikombe, na siku ya msako kikombe hichohicho ndicho kinachomtia korokoroni. Faini inayoonekana ndogo kwa mwenye baa ya Westlands inaweza kumla mtaji wote. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Sheria ya mwaka 2010 ilimwambia kwamba chang'aa si haramu tena, mradi atie katika chupa ya kioo, abandike maelezo na apimiwe viwango. Kwa hali yake hiyo ni sawa na kumwambia mvuvi wa ndoano anunue meli. Kwa hiyo alibaki nje ya sheria kama zamani, na mwenye kiwanda akaingia ndani.

Lakini mteja wa mama pima naye ana mke. Akina mama katika sehemu mbalimbali za nchi hii wamewahi kuandamana wakilia kwamba waume na wana wao wamegeuka mizigo, kwamba nyumba hazina chakula, kwamba vijana hawaoi wala hawalimi. Kilio hicho si cha uongo. Anayesema kila mtu aachwe anywe apendavyo hajakaa na mke anayengoja mshahara siku ya Ijumaa mpaka saa 7 za usiku. Kangemi kuna wanawake wanaoishi kwa kuuza pombe na kuna wanawake wanaoangamia kwa sababu ya pombe, na mara nyingine ukuta mmoja wa mabati ndio unaowatenganisha. Sheria ya haki haina budi kuwasikia wote wawili.

NINI KIFANYIKE?

Kwanza, leseni zitolewe hadharani. Kamati ya leseni inayohudumia Westlands nzima inahudumia Loresho na Kangemi kwa pamoja, na mitaa hiyo haifanani. Isikilize maombi ya Kangemi ndani ya Kangemi, katika baraza, kwa Kiswahili, na mkazi apewe nafasi ya kupinga bila kutishwa. Orodha ya wenye leseni na saa zao ibandikwe penye ofisi ya chifu na sokoni. Wananchi wakijua nani ana leseni, anayekusanya hongo atapata shida ya kuwatisha wale wenye haki.

Pili, ukaguzi ufuate kilichomo katika glasi. Spiriti ya viwandani ifuatiliwe kutoka bandarini na kiwandani hadi kwa mnunuzi wa mwisho, na kielelezo kilichokamatwa kiharibiwe mbele ya hakimu mapema iwezekanavyo.

Tatu, sharti la shule liandikwe upya kwa hali ya mitaa iliyosongamana. Mlango wa baa usielekee shule, biashara isifunguliwe watoto wakiwa njiani, na anayemuuzia mtoto anyang'anywe leseni bila kubembelezwa. Masharti hayo yanaweza kufuatwa, na kwa hiyo anayeyavunja anaweza kuadhibiwa kwa haki.

Nne, itafutwe njia halali kwa busaa: leseni ndogo ambayo kikundi cha akina mama kinaweza kuimudu, mahali panapojulikana, usafi unaokaguliwa, na saa zinazoheshimiwa. Anayependa kinywaji cha kwao atakipata bila kujificha, na mpishi atakuwa na kitu cha kupoteza akidanganya.

Tano, aliyekwisha shikwa na ulevi apate pa kutibiwa. Jiji hili lina hospitali ya Mathari, lakini kwa kibarua wa Kangemi safari ya huko na siku za kukosa kazi ni gharama kubwa. Ada za leseni zinazokusanywa na kaunti zingeweza kulipia mshauri katika kituo cha afya cha mtaani. Pumwani ya zamani ilimtoza mnywaji na kusema fedha zitarudi kwake. Itakuwa vyema safari hii zirudi kweli, na wananchi waone hesabu.

Wakazi nao hawawezi kukaa wakingoja. Makanisa ya Kangemi, vyama vya akiba, vikundi vya vijana na wenye ploti wanajua ni wapi sumu inauzwa na ni nani anayewauzia watoto. Mwenye ploti anayepokea kodi kutoka kwa muuza sumu hawezi kusema hajui. Wazee waliokaa kuzunguka chungu hawakungoja askari amwambie jirani yao kwamba amezidisha. Chungu hakirudi, na hakuna haja ya kukirudisha. Lakini ile kazi ya kukanyana ingali yetu, na sera hiyo ya mwaka 2025 itakapogeuzwa kuwa mswada na wananchi kuitwa kutoa maoni, watu wa Kangemi wafike, wote, mpishi na mke wa mnywaji, wakaeleze mtaa wao ulivyo kabla watu wasioufahamu hawajachora mduara mwingine juu yake.